Mzito wa Kuanza

Mwenzangu we! Utani wangu umeniponza.

Unakijua kile kipindi cha kukimbia nilichoanzisha shuleni, ili hawa watoto waache kukaa tu? Yule binti mrefu wa kidato cha pili, bingwa wa kutoroka, wiki hii amekuja kila siku. Nikajisifu mpaka kwa mkuu wa shule!

Leo kaanguka. Mzunguko wa pili tu, puu! Chini.

Nikambeba mpaka kwa nesi. Nesi akamuuliza, "Umekula nini leo?" "Maji tu." "Jana je?" "Maji. Juzi pia." Kisha binti akanigeukia mimi: "Mwalimu, si ulisema mimi mzito?"

Mzito! Jumatatu nilimwambia mbele ya wenzake, "Wewe mzito kama gari la kusukuma!" Nilimaanisha mzito wa kuanza, maana akishachanganya hakamatiki. Siku tatu mtoto anashindia maji. Siku tatu!

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwalimu. Lakini wenzangu walipocheka, mbona na wewe ulicheka?"

Mama yake anaingia getini sasa hivi. Namfuata nikamwambie mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu.