Uongo Niliomwambia Mama Odette

Goma, Jumapili alasiri. Mvua imekoma, lakini mawingu bado yameufunika mlima wa volkano, na vumbi jeusi la mlangoni pangu hapa Majengo limegeuka tope. Nimetoka kanisani Murara. Sijavua hata viatu. Naandika hivyo hivyo.

Nina miezi minane hapa, muuguzi wa mkataba, mgeni kutoka Tukuyu. Baba yangu ni mzee wa kanisa. Mimi niliacha kusali mwaka tulipomzika mama, na nilipopata kazi hii nilifurahi kimoyomoyo kwamba huku hakuna atakayeniuliza Jumapili nilikuwa wapi.

Kisha akaletwa hospitalini Mama Odette.

Alikuja kwenye lori pamoja na watu waliokimbia Kibumba siku bomu lilipoangukia barabara. Mguu wake ulikuwa umesagika. Muda mfupi kabla yake alikuwa ameletwa msichana asiyejulikana jina, wa miaka kama kumi na sita, akafia mikononi mwangu kabla daktari hajamfikia. Nilimfunika kwa kitenge chake mwenyewe, cha njano chenye ndege wa bluu. Nilipomgeuza Mama Odette kwenye machela, nikaona kiunoni pake kitenge kile kile. Vipande viwili vya jora moja.

"Mutoto yangu Furaha iko wapi?" akaniuliza.

Daktari alikuwa akingoja kumpasua. Nikamwambia Furaha yuko salama, atakuja.

Nilidhani uongo ule utaishi saa mbili tu. Uliishi siku kumi na moja.

Alipozinduka aliniamini mimi kuliko wote. Kiswahili changu ndicho kilichomponza. Huku, Kiswahili cha namna yangu watu hukisikia zaidi kanisani, Neno la Mungu linaposomwa. Akawaambia wagonjwa wenzake, "Huyu dada anasemaka sawa Biblia. Hawezi danganya." Akaniomba nimsomee Zaburi kila alasiri, maana miwani yake ilibaki Kibumba. Nilisoma kama mtu anayesoma maelezo kwenye chupa ya dawa.

Na kila alipoletewa bugali na sombe, ugali na kisamvu cha huku, alikula nusu. Nusu nyingine aliifunika. Ya Furaha.

Siku ya tano alinipa ile sahani nimpelekee. Niliipokea. Nikakimwaga chakula nyuma ya jiko, nikamrudishia sahani imeoshwa, naye akanishukuru.

Tangu hapo uso wa yule msichana ukaanza kunifuata. Nikienda sokoni, namwona mbele yangu. Nikifumba macho nijimwagie maji, yupo. Nikaanza kuziogopa hata zile Zaburi. Waliozitunga walimwambia Mungu kila kitu, hasira yao, shaka yao, hata jinsi walivyochoka naye. Mle wodini ni mimi peke yangu niliyekuwa nikidanganya, tena kwa sauti nzuri.

Jumatano nilifunga Biblia katikati ya sura. Nikapiga magoti kando ya kitanda, si kwa kusali, bali ili maneno yale yasimwangukie kutoka juu. Nikamweleza yote: kitenge, machela, sahani. Nikamwambia Furaha amezikwa chini ya msalaba wenye namba tu.

Hakulia. Aliuliza kama Furaha alisema kitu kabla ya kufa. Nikamjibu kwamba alimwita mama. Huo ulikuwa ukweli.

Akageukia ukuta.

Siku mbili hakutaka nimguse. Mwenzangu ndiye aliyembadilishia bandeji. Ijumaa Mama Odette akamtuma aniite. Nilisimama miguuni pa kitanda nikingoja kufukuzwa mbele ya wodi nzima. Badala yake akanisogezea Biblia.

"Usome," akasema. "Lakini usiongeze ya kwako."

Nikasoma. Sauti ilinikatika mara tatu, na kila mara alingoja.

Leo nilikaa benchi la nyuma kabisa. Watu walipoinamisha vichwa kuungama, nilijikuta nasema na Mungu kwa Kinyakyusa, lugha ambayo tangu nije huku sijamdanganyia mtu. Sikumwomba aniondolee uso wa Furaha. Nilimwomba anipe nguvu ya kuutazama. Hakuna kilichoshuka. Lakini nilikaa hadi ibada ikaisha, na sikuangalia saa hata mara moja.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Nilikuwa nautamani mwisho huo. Sasa nimeomba niongezewe muda, na sijui kama naomba kwa imani au kwa woga wa kuondoka na haya yote. Labda kwa sasa ni kitu kimoja.

Jana Mama Odette alinitajia jina kamili la mwanawe, pamoja na la baba na la babu, akanifanya nilirudie mpaka akaridhika. Ameniomba niliandike kwenye msalaba. Kesho asubuhi, kabla ya zamu, nakwenda makaburini na kopo la rangi nyeupe.

Sijawahi kuandika jina la mtu juu ya kaburi. Naogopa kulikosea.