Alama Nyekundu Kwenye Mabati ya Nyalenda

Mzee Odera,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Nakuandikia kwa sababu ulikufa kabla hujanijibu, na hasira niliyobaki nayo haina mtu mwingine wa kumpelekea. Miezi minne sasa tangu tukuzike kwenu Pap Onditi, na sijalia. Watu wa mtaa wetu wa Nyalenda wananishangaa. Wanasema, mwanafunzi gani huyu, amefundishwa miaka sita na macho yake makavu.

Ni kweli ulinifundisha. Hilo silikatai, na ndilo linaloniuma zaidi. Nilikuja kwako nimemaliza shule, sina kazi, najua kuchora kwa kalamu tu. Wewe ulikuwa fundi wa mabango anayejulikana mtaa mzima; ilikuwa vigumu kupata kinyozi au duka la dawa lisilokuwa na maandishi yako. Ulinishika mkono ukanionyesha namna ya kuvuta herufi bila kutetemeka. "Taratibu, nyara," ulikuwa ukisema, ukiniita binti yako kwa Kijaluo, "mstari haukimbizwi." Mchana tulikula ugali na omena, dagaa wa ziwani, kwenye sahani moja, na ulikuwa ukinisukumia upande wenye omena nyingi. Baba yangu mwenyewe hakuwahi kunifanyia hivyo.

Wewe ndiye uliyeniambia nichore mtaa. Nikanunua daftari kubwa, na kwa mwaka mzima, kila jioni tukifunga kazi, nilichora kibanda kimoja kando ya barabara yetu. Nilimchora Mama Risper akigeuza samaki kwenye karai la mafuta, macho ameyafinya kwa moshi. Nilimchora Ouma fundi viatu na sindano yake mdomoni. Nilichora kinu cha unga na akina mama waliokaa wakingoja zamu, nyusi zao nyeupe kwa vumbi la mahindi. Walicheka, wakarekebisha vitambaa vya kichwa, wakatulia niwachore. Chini ya kila picha niliandika jina la mwenye kibanda, na kwamba yuko katikati ya fulani na fulani, ili mtu akija kuangalia baada ya miaka mingi ajue nani alikuwa wapi.

Mwaka huo huo watu wa kupanua barabara walikuwa wamepita mara mbili wakitaka kuandika majina ya wenye vibanda. Hakuna aliyewapa jina. Tulijua jina likishaandikwa, kinachofuata ni kuondolewa. Hata wewe uliwafukuza. Nilikusikia kwa masikio yangu ukiwaambia waende wakaandike majina ya samaki ziwani.

Halafu ukaniomba daftari. "Kuna mtu anapenda picha. Nipe nikamwonyeshe, labda atakuinua." Nilikupa kwa mikono miwili. Nilienda nyumbani nikamwambia mama kwamba Mzee ananitafutia njia.

Wiki tatu baadaye tukaamka tukakuta X nyekundu kwenye mabati ya kila kibanda. Nilisimama mbele ya kibanda cha Mama Risper nikajua kabla mtu hajanena. Kila X ilikuwa na mkia mdogo ulioinuka mwishoni, upande wa kulia. Nilikuwa nimeuiga mkia huo miaka sita. Ule ulikuwa mkono wako.

Saa nne watu wa barabara wakafika na faili. Safari hii hawakuuliza jina la mtu. Walisoma kibanda kwa kibanda, na kila walipofunua ukurasa tuliona fotokopi za picha zangu, na mwandiko wangu chini yake. Mama Risper alizitazama zile karatasi, kisha akanitazama mimi. Hakupaza sauti. Alisema, "Kumbe ulipotuambia tutulie, ulikuwa unatupima kaburi."

Nilikuja kwako mbio. Ulikuwa unaosha brashi kwa mafuta ya taa. Nikakuuliza, Mzee, ni wewe? Hukuinua uso. "Barabara ingekuja tu, Akinyi. Na mimi nina watoto." Ukaendelea kuosha. Baadaye ndipo nikasikia kwamba uliahidiwa chumba kwenye soko jipya, kile cha mbele kabisa. Wenzako uliokula nao na kuzika nao hawakuahidiwa hata kivuli.

Tingatinga ilikuja Jumanne, watu wakinywa chai. Karai la Mama Risper lilibanwa likawa kama sahani. Ouma alipiga magoti kwenye vumbi akiokota viatu vya wateja, kimoja kimoja, vingi bila jozi yake. Nilitaka kumsaidia akanisukuma mkono.

Nisikilize sasa, kwa sababu hili ndilo nililotaka kukuambia. Zile alama, labda siku moja ningekusamehe. Woga ni ugonjwa wa watu wote. Lakini uliniacha nibebe lawama zako. Mtaa mzima uliniita karani wa tingatinga. Mama yangu alikatazwa kuteka maji kwenye bomba alilotumia tangu nizaliwe. Ulijua. Ulipita mbele ya mlango wetu kila asubuhi, ukaniambia, "Wasalimie nyumbani," ukaenda kufungua chumba chako kipya. Neno moja kutoka kwako lingetosha. Ulikuwa na mwaka mzima wa kulisema.

Ulipolazwa ukaniita, nikaja. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikingoja. Nilijiambia, sasa atasema. Ukaniambia nisiache brashi kubwa ikauke na rangi. Ukaniambia rangi ya bluu ya siku hizi ni ya kupunja watu. Halafu ukafumba macho, nikaona unajifanya umelala. Mtu wa kufa, Mzee, na bado ulinikimbia.

Siku ya mazishi walinipa maikrofoni, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wako. Mchungaji alikuwa amekusifu, wazee wamekusifu. Nilisema, "Mzee Odera alinifundisha kazi. Halafu alichukua daftari langu akawapa waliobomoa vibanda vyetu, na zile alama alizipaka yeye." Ndugu yako akanipokonya maikrofoni, kwaya ikaanzishwa kabla ya zamu yake. Najua kumsema mtu mbele ya jeneza lake si tabia njema. Nilidhani moyo utatulia. Haukutulia. Lakini sijutii.

Mama Risper alikuwa amekaa nyuma, chini ya hema. Alikuja nyumbani baada ya mwezi, na ngege wawili wamefungwa kwenye gazeti. Sasa anakaanga samaki njia ya kwenda Dunga, mahali pabaya, upepo unamzimia moto. Alimpa mama samaki, kisha akaniambia, "Njoo unichore tena. Lakini daftari litakaa kwangu." Nikakubali. Siku hizi nachora mchana, na nikimaliza analifunga kwa leso na kuliweka ndani ya sanduku lake la nguo. Ninawatafuta wengine popote walipotawanyikia, hadi Kondele, na mmoja amefika Sondu. Namwomba kila mtu ruhusa kwanza. Wengi wamekubali. Ouma amekataa. Anaitikia salamu yangu lakini anageuza kiti.

Wiki jana mke wako alinijia. Mvua imefuta maandishi kwenye msalaba wako, na anataka niyaandike upya kwa rangi nzuri. Alinipa karatasi: jina lako, mwaka uliozaliwa, mwaka uliokufa, na chini yake, "Mtu wa haki." Alikuwa akilia. Yeye hajanikosea chochote.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumamosi nitakuja Pap Onditi na rangi yangu mwenyewe. Nitaandika jina lako vizuri kuliko bango lolote ulilowahi kuandika, na miaka yako yote miwili. Lile neno la mwisho mkono wangu hautaliandika. Nitamwambia mke wako uso kwa uso, na akitaka atafute fundi mwingine.

Kwaheri, Mzee. Mabaya sikutakii tena. Mazuri ya kukutakia bado sijayapata.

Mwanafunzi wako, maana hilo siwezi kulifuta,
Akinyi