Mtoto Niliyemwita Dada

Jumatatu, 3 Machi
Kazini, kituo cha kupokea maziwa, kabla ya jua. Mzee mmoja wa kijiji cha Gakindu ameongeza maji kwenye maziwa, tena. Nilipima mara mbili, nikamrudishia mbele ya wenzake na kumsema. Akainamisha kichwa. Nilijiona mwadilifu sana.

Saa nne, barua pepe kutoka Kanada. Niende Nairobi kwa daktari wao, kisha wataamua kama nitapewa ukaaji wa kudumu. Mtaalamu wa maziwa, ndivyo nilivyoomba. Nimengoja mwaka na nusu. Nilifurahi dakika tano hivi. Halafu nikakumbuka nilivyojaza fomu. Watoto: hakuna.

Jumanne, 4 Machi
Niandike basi, hapa hakuna atakayesoma. Wanjiru si dada yangu. Nilimzaa nikiwa kidato cha tatu. Kijana aliyenipa mimba alikana, na watu wa kwao hawakutufungulia lango. Mama akamchukua, akamwandikisha kwenye cheti cha kuzaliwa kama wake. Mimi nikarudi shuleni. Sasa ana miaka kumi na minne. Mama yangu ndiye anayemwita Mami. Mimi ananiita Njeri.

Leo nimesoma masharti ambayo ningepaswa kuyasoma mapema. Mtoto nisiyemtaja sasa, sitaweza kumwombea ukaaji baadaye. Nikimtaja sasa, wataona niliwadanganya, na wanaweza kunifungia mlango kabisa. Nikatoka hapo saiba, kwenye kompyuta za kukodi, nikaenda kununua mkate. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatano, 19 Machi
Nairobi. Damu, mkojo, picha ya kifua. Kisha daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akaniambia nilale. Akaona kovu la upasuaji wa uzazi tumboni. Sikuwa nimelifikiria hata mara moja, mimi ninayejidai kufikiria kila kitu. Akauliza nimezaa mara ngapi.

"Mara moja."

"Mtoto yuko wapi?"

"Alifariki."

Neno lilitoka lenyewe, bila kukwama. Akasema pole, akanishika bega, akaandika. Nikavaa nguo. Nikamwambia asante.

Alhamisi, 20 Machi
Wanjiru yuko shule ya bweni. Afadhali. Nisingeweza kumtazama usoni.

Mama alinipakulia mukimo, ukapoa mbele yangu. Akauliza kuna nini. Nikamwambia yote. Akaweka mwiko chini polepole.

"Njeri, umezika mtoto akiwa mzima?"

Alichukua panga akaenda kukatia ng'ombe majani, na majani yalikuwa tele zizini.

Jumamosi, 22 Machi
Mama hanisemeshi. Chai ananiachia mezani.

Jumapili, 30 Machi
Kanisani mchungaji aliomba tumwombee dada yetu Njeri, safari yake ya ng'ambo ifanikiwe. Watu wakaninyooshea mikono. Nilitamani sakafu ipasuke. Baadaye akina mama walinipongeza mmoja mmoja, na nikatabasamu kwa wote. Nina kipaji cha kutabasamu.

Jumatatu, 7 Aprili
Shule zimefungwa. Leo nimechukua ruhusa kazini, nikaenda na Wanjiru kukata majani ya ng'ombe kule chini mtoni. Nikamwambia. Kuzaliwa kwake, fomu, daktari, lile neno. Nilikuwa nimepanga kulia. Yeye aliendelea kukata.

"Nilijua," akasema. "Mami anaitwa Wanjiru, na mimi naitwa Wanjiru. Nani huku hupea mtoto jina yake mwenyewe? Hiyo ni jina ya cucu. Nilijua nikiwa class four."

Ni kweli. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake wa upande wa baba, si la mama aliyemzaa. Upande wa baba haukuwepo, Mama akampa lake, kwa sababu hata katika uongo hakuweza kumnyima mtoto jina la haki. Tukaficha siri kwenye cheti na kuiita kwa sauti kila asubuhi. Kijiji kizima kilielewa. Sisi ndio tuliojiona wajanja. Na mtoto amenyamaza miaka yote hiyo, kunistiri mimi.

Akafunga mzigo wake. Kisha akasema, bila kuniangalia: "Chenye sikujua ni ati nilikufa."

Tukapanda kilima na mizigo yetu. Sijawahi kuona aibu namna hii.

Jumatano, 9 Aprili
Nimewaandikia watu wa Kanada barua pepe. Nina binti, yuko hai, cheti chake si cha kweli, na daktari wenu nilimdanganya. Wakitaka vipimo vya kuthibitisha damu yetu, tuko tayari. Niliisoma mara moja tu nikaituma, kabla woga haujaniwahi.

Mama ameuliza kama chumvi imetosha kwenye githeri. Nimesema imetosha.

Ijumaa, 25 Aprili
Hawajajibu. Nadhani itakuwa hapana, na sitaweza kumlaumu mtu. Kanisani sijawaambia ukweli. Nitawaambia.

Nilimwuliza Wanjiru kama angetaka kwenda nami wakikubali. Akasema hajui. Akasema Mami atabaki na nani. Sikumsukuma.

Jumapili anarudi shuleni. Jioni nilikuwa nikimpigia sare pasi, yeye chumbani akipanga sanduku. Hakupata soksi zake. Akaita Njeri, kama siku zote. Nikaitika.