Friza Aliyoichagua Baba

Kiseke, Mwanza
7 Desemba

Kaka yangu Nkwabi,

Shikamoo. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, umeshiba, na kile kikohozi cha vumbi ulichokuwa ukikilalamikia kimekuachia kifua. Sisi huku tunaamka na kulala. Watoto wamefunga shule na wanakusalimu sana, yule mdogo anaringa mtaani kwamba mjomba wake ana kofia ya bluu ya walinda amani. Muganyizi naye hajambo, anasema ukirudi umletee hadithi ambazo hazijawahi kutangazwa redioni.

Usishangae kupata barua wakati tunaongea kila Jumapili. Simu yenyewe unaijua. Baba anataka iwekwe sauti ya juu, akae jirani nayo, asikie kila neno, na nikijaribu kusogea nayo uani ananiuliza ninakwenda kumsengenya nani. Kwa hiyo yako mambo ambayo simu haikukwambia. Elias wa Usagara amemaliza likizo yake, anarudi huko mliko, na ameniahidi barua hii ataitia mkononi mwako mwenyewe. Isome kwa utaratibu, usikimbilie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule. Inahusu koo la Baba, lakini siwezi kulifikia koo bila kupitia kwenye friza.

Unajua Baba na friji hawajawahi kupatana. Tangu utoto wetu amekuwa akisema hilo ni kabati la wachoyo, kwamba mtu akichinja, majirani wale, mbwa wapate mifupa, na kitakachobaki kianikwe juani. Nilipoolewa na kununua friji yetu ndogo, alikuja akaitazama, akafungua mlango, akafunga, akasema Wahaya wameshanifundisha kuficha chakula. Muganyizi alicheka kwa adabu na hajasahau mpaka leo. Sasa mzee huyohuyo, tulipomleta hapa Kiseke awe karibu na hospitali, alitangaza siku moja tukiwa mezani kwamba anataka friza. Akasema si friji ya maji ya baridi, ni friza ya kugandisha nyama, kwa sababu amekusudia kumchinja Bwana Shauri.

Ndiyo, Bwana Shauri yuleyule, ng'ombe dume mwenye baka jeupe usoni, uliyempa jina wewe kwa sababu alikuwa akitangulia mbele ya wenzake kama anakwenda kusikiliza kesi. Amekataa kumuuza miaka yote hii. Mimi nilifurahi, nasema kweli. Mgonjwa wa koo akitaja nyama kwa mdomo wake, unadhani ugonjwa umeanza kufungasha virago. Nilikwambia kwenye simu Jumapili ile kwamba Baba anaendelea vizuri, nawe ukatuma mchango wako ukasema tununue iliyo nzuri. Wakati ule sikuwa nakudanganya.

Basi nyumba ikageuka baraza. Muganyizi alitaka friza ya kusimama, yenye droo, droo moja ya sato, moja ya nyama, na moja ya senene wake wanaotoka Bukoba, kwa sababu mume wangu ni mwalimu wa fizikia lakini ukitaja senene akili yote inahama. Alikesha kwenye simu akisoma maoni ya watu asiowajua, akaja na maneno ya lita na wati ambayo hakuna aliyemwomba. Mimi nilitaka ndogo tu ya kulala, maana anayeweka luku humu ndani ni mimi. Baba alitusikiliza wote wawili, akasema atachagua mwenyewe, na kwamba kipimo anacho.

Kipimo chenyewe, kaka, kilikuwa kamba. Alikuwa amemwagiza baba mdogo Luhende kule Usagara ampime Bwana Shauri kuanzia kifuani hadi kwenye shina la mkia, akate kamba ya katani, ampelekee dereva wa basi ailete. Tulipoingia kwenye duka la vifaa vya umeme pale mjini, Baba aliitoa mfukoni, akaanza kuitandaza juu ya friza moja baada ya nyingine, akiinama kwa shida na kukataa nisimshike mkono. Wateja wakasimama kutazama. Nilitamani kujificha nyuma ya majiko ya gesi.

Muuzaji, binti mmoja anaitwa Queen, alimvumilia kuliko nilivyomvumilia mimi. Alimweleza kwamba ng'ombe akishakatwa vipande hawi tena na urefu aliokuwa nao akisimama, anaingia kwenye nafasi ndogo. Baba akamjibu kwamba ng'ombe amewajua kabla mama yake Queen hajazaliwa, yeye ashughulike na mabati. Hata hivyo alimsikiliza alipoeleza tofauti. Ile ya kusimama ukifungua mlango baridi yote inamwagika chini, na umeme ukikatika haichukui muda nyama inaanza kulia maji. Ile ya kulala baridi inabaki chini kama maji kwenye beseni, na usipofunua kifuniko inaweza kuvumilia siku nzima na zaidi. Hapo Muganyizi na droo zake akawa ameshindwa, na nilimwona alivyonyong'onyea.

Kisha Baba akamuuliza Queen jambo moja. Alitaka kujua kama nyama ikiwekwa sasa hivi itafika mavuno ya mpunga ikiwa bado ni nyama ya kumpa mtu unayemheshimu. Queen akasema itafika, mradi ifungwe vizuri vipande vidogovidogo, hewa isiingie, na isiyeyushwe halafu ikarudishwa. Baba akamwambia arudie. Akarudia. Mimi nikageukia ukutani, nikajifanya naangalia pasi, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka. Nilidhani anajipangia yeye mwenyewe, kwamba mavuno ya mpunga atakuwa mezani kwangu anatafuna. Alichagua ya kulala, ya ukubwa wa kati, yenye kufuli, akaikunja kamba yake akairudisha mfukoni.

Kuipandisha hapa kwetu ilikuwa kazi, na mawe ya mlima huu unayajua. Vijana walioibeba waliiinamisha huku na huku wakitukana kimoyomoyo, ikafika juu haina mkwaruzo. Queen alikuwa ameonya kwamba ikishainamishwa hivyo isichomekwe kwenye umeme papo hapo, iachwe itulie kwanza. Baba akaweka kigoda chake mbele ya soketi, akakaa pale kuzuia mtu yeyote asiguse, hata mimi mwenye nyumba.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Usagara. Bwana Shauri alichinjwa kama ng'ombe anavyopaswa kuchinjwa nyumbani kwetu, majirani wakala, wakwe wakapata chao, baba mdogo akapata chake, wala hakuna aliyeweza kusema mzee amekuwa mchoyo. Baba alikaa kwenye kiti akigawa mwenyewe, anaonyesha kwa fimbo kipi kiende wapi. Lakini kidari alikiweka kando, pamoja na ubavu mmoja na nundu yote. Alinisimamia nikavikata na kuvifunga kama Queen alivyoelekeza, tukarudi navyo Kiseke kwenye kigari cha mizigo, kirikuu, vikiwa vimefunikwa majani ya mgomba. Akavipanga chini kabisa ya friza kwa mikono yake. Nyama yetu ya kula na sato wa Muganyizi vikawekwa juu.

Kesho yake nikampikia. Nilichemsha ini taratibu mpaka likalainika, nikaona hata hilo ni gumu, nikachukua mchuzi peke yake, nikauchuja kwa kitambaa, nikauacha upoe. Baba alichukua kijiko kimoja. Alikishikilia mdomoni kwa muda, akinitazama, kisha kikarudi chote, na baada yake akakohoa mpaka nikamshika mgongo. Alipopata pumzi alisema mchuzi ni mtamu, tena nimpe Muganyizi usije ukamwagwa bure. Nilikwenda jikoni nikakaa chini sakafuni.

Hospitali walinieleza wiki hiyohiyo. Daktari alinitoa nje ya chumba, akasema njia imeziba karibu yote, na kwa umri wake na hali ya mapafu yake hawawezi kumpasua. Wamemwekea mrija wa kupitishia uji na maziwa. Nilipomuuliza kuhusu mavuno ya mpunga, maana huo ndio wakati zamu yako inaisha, alisema tusipange mambo ya mbali kiasi hicho. Nilimwomba asimwambie mzee. Akaniambia mzee alishaambiwa zamani, kabla hata ya kuhamia kwangu, na alikuwa ameomba watoto wasiambiwe.

Kwa hiyo, kaka, alipokuwa anatandaza kamba pale dukani tayari alikuwa anajua hatakula hata kipande.

Nikaelewa zaidi umeme ulipokatika. Ulikatika asubuhi, ukaenda mchana wote. Baba alitoka kitandani na mrija wake, akaburuta kigoda, akaagiza mablanketi yote ya nyumba yafunikwe juu ya friza, halafu akakaa ameweka kiganja kwenye kifuniko. Mtoto alitaka barafu, akafukuzwa. Muganyizi alitaka samaki wa chakula cha mchana, akaambiwa ale senene wake wa kukaanga. Nilimwambia Baba aingie alale, nyama ikiharibika tutanunua nyingine buchani. Hapo alinikasirikia kwa sauti aliyobaki nayo. Alisema ile ya buchani siyo ya Nkwabi. Alisema mwanawe anarudi mavuno, hatamkuta, na baba hawezi kumpokea mwanawe aliyetoka mbali bila kumchinjia, sasa amechinja mapema, kosa liko wapi? Kidari, ubavu na nundu ni vyako. Aliniamuru nikupikie mimi, nisikuwekee viungo vya Kihaya.

Hilo peke yake ningelibeba kimya. Lakini wiki iliyopita baba mdogo Luhende alikuja kumwona, na kwa nia njema akamwambia asiwe na wasiwasi, hata ikitokea la kutokea, siku hizi hospitali zina majokofu, watamweka humo mpaka Nkwabi apate ruhusa afike kumzika baba yake. Baba aliinua mkono akamnyamazisha. Akasema alimwona rafiki yake alivyowekwa akimsubiri mtoto wa ng'ambo, watu wakachoka kulia, wakaanza kugombania sukari, na siku ya kuaga sura haikuwa ya mtu aliyemfahamu. Akasema yeye hapana. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, uyasikie kwa sauti yake: "Nyama ndiyo ikae kwenye barafu imsubiri Nkwabi. Mimi msinigandishe. Nikifa leo, kesho nizikwe."

Baba mdogo alijaribu kusema kwamba basi uitwe sasa, mapema. Akakataa hilo pia. Alisema mtu aliyekula kiapo haitwi kwa sababu ya koo la mzee, na kwamba yeyote atakayekwambia haya kwenye simu amekata naye undugu. Akatuapisha pale pale, baba mdogo, mimi na mume wangu. Muganyizi aliapa huku analia. Mimi niliapa pia, kaka, nikiwa nimemtazama usoni, na baada ya siku mbili nikamtafuta Elias.

Sina nguvu ya kumfanya ameze. Sina nguvu ya kuubadilisha moyo wake, na akifunga macho leo, baba mdogo atafuata neno lake, nami ni binti, nitakaa na wanawake wenzangu nikitazama udongo unarudishwa wewe hujafika. Umeme nao sina amri nao. Kila ninapofungua friza kuchukua samaki naona vile vifurushi vyako chini, vimeshashika barafu nyeupe, nafunga haraka. Sikuandikii uache kazi. Sijui hata kama wakubwa zako wanaweza kumruhusu mtu kwa habari kama hii, wala sijui kama nimekutendea wema au ubaya kukwambia. Ila nimeshindwa kukuacha uje mavuno ukiimba njiani, halafu ufike ukute sahani.

Muganyizi anakusalimu, na watoto, na baba mdogo Luhende angekusalimu kama angejua ninaandika. Mungu akulinde huko uliko, na akupe wakubwa wenye huruma.

Kama utapata ruhusa, nakuomba usipige simu kwanza, maana ataisikia na atakukataza, nawe hujawahi kumkatalia Baba. Wewe njoo tu.

Ni mimi mdogo wako,
Modesta