Nyuzi za Chuma Kwenye Gitaa la Baba Prisca

Jumapili. Mvua inanyesha tangu alfajiri na milima ya Uluguru haionekani kabisa. Sijaenda kanisani. Nimewaambia wanakwaya nina mafua.

Sina mafua. Nina aibu.

Wiki mbili zilizopita Mama Prisca, muuguzi mstaafu na jirani yangu hapa Mafiga, aliniletea gitaa la marehemu mumewe. Lilikaa juu ya kabati tangu msiba, nyuzi mbili zimekatika. Alitaka lilie tena, ili Prisca, binti yake, akija Pasaka alipige. Alilileta kwangu kwa sababu mtaa mzima unajua Mwalimu Neema wa Jiografia ndiye mpiga gitaa wa kwaya. Sifa hiyo sijawahi kuikataa.

Lilikuwa gitaa la nyuzi za nailoni. Sauti yake laini, ya chinichini, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mimi nimezoea langu la nyuzi za chuma, linalosikika hadi benchi la nyuma bila spika. Nikaliona la kwake nyonge. Nikalifunga seti ya chuma niliyokuwa nayo nyumbani, nikijiona namfanyia hisani.

Siku ya pili narudi kutoka shule, nakuta daraja, kile kipande cha mbao kinachoshika nyuzi, kimeng'oka na kubandua kifua cha gitaa, ule ubao wake wa mbele.

Nilizitoa zile nyuzi, nikazitupa. Kisha nikaenda kumwambia Mama Prisca kwamba mbao imezeeka na unyevu wa masika umeimaliza gundi.

"Pole, mwanangu. Nimekusumbua," akasema.

Yeye ndiye aliyenipa pole.

Jana tulilipeleka pamoja kwa Fundi Kibwana, seremala anayetengeneza pia magitaa. Alimulika tochi ndani, akaniita nichungulie. Niliona vijiti vyembamba vimetandazwa kama vidole vya mkono. Akasema gitaa la nyuzi za chuma lina mihimili minene iliyopishana, na ndani ya shingo kuna ufito wa chuma wa kuizuia isipinde, kwa kuwa nyuzi zile zinavuta kwa nguvu sana. La umeme ndiyo kabisa, ni ubao mzito usio na uwazi, sauti yake inanaswa na sumaku. Hili la nailoni limechongwa jepesi makusudi, ili nyuzi laini ziweze kulitikisa.

Miaka yote hii napiga gitaa, na sikuwahi kuchungulia ndani.

Kisha akagusa michubuko kwenye lile daraja. "Nani alifunga nyuzi za chuma humu?"

Nilifungua mdomo. Mama Prisca akaniwahi. "Labda marehemu mwenyewe. Alikuwa mtu wa kujaribujaribu."

"Basi hakulijua gitaa lake," fundi akasema.

Nilimwimbia yule mzee kwenye mazishi yake, na jana nikamwachia kosa langu alibebe.

Leo mchana nimekwenda kwa Mama Prisca. Nilimkuta anachambua maharage barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita, utalowa."

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: nyuzi, uongo wa unyevu, kimya changu cha jana. Mikono yake ikatulia juu ya ungo.

"Ulinisikia nikimsingizia Baba Prisca?"

"Nilikusikia, mama."

"Na ukaniacha."

Akarudi kwenye maharage yake. Hakunifukuza, wala hakuniambia nikae. Nilipokuwa nageuka akasema, bila kuinua uso, "Likitoka kwa fundi, utamkabidhi Prisca wewe mwenyewe. Na utamwambia kilichotokea."

Fundi anasema litapona, ila hana hakika kama sauti itakuwa ileile.

Nitamwambia Prisca. Lakini kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nitapita kwa Fundi Kibwana. Mpaka sasa yeye anaamini marehemu hakulijua gitaa lake.