Mke Mwenzio na Mkanda wa Wawili

Fittja, Stockholm

Kwako Bibi Mwanakombo, mke wangu wa ujanani,

Shikamoo. Najua mume hamwamkii mkewe, lakini Tatu anayekusomea atasema Ulaya imeniharibu adabu, basi shikamoo, na tuendelee. Goti vipi? Bado linajua mvua kabla ya redio? Na yule jogoo mkorofi, mmeshamla au bado anawakimbiza wageni? Mimi mzima, nimenenepa, nimekuwa kijana wa kutazamwa mara mbili, na baridi ya huku imeniogopa. (Tatu, soma kila neno, usiruke penye sifa zangu.) Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu unaikata kila nikianza utamu, na rafiki yake mjomba anakuja Muheza, atakuletea hii pamoja na dawa ya kuchua.

Sasa kaa vizuri. Nimekuolea mke mwenzio.

Usitafute fimbo. Ni kikongwe kama wewe, meno ya kuazima, anaitwa Bi Sachiko. Ni Mjapani, aliletwa huku zamani na mume baharia ambaye ameshafariki, na anakaa peke yake mtaa wa Rissne. Kazi yangu unaijua: tunazunguka majumbani kwa wazee, tunawapa chai na dawa, tunawavisha, tunakwenda kwa mwingine. Miguu yake inavimba, kwa hiyo kila asubuhi lazima avishwe soksi za kubana mpaka magotini, ngumu kama tairi la baiskeli. Wenzangu wote alishawafukuza. Ndipo wakanituma mimi, fundi wa mabibi.

Nikamkuta amenuna kitandani, amekunja miguu kama wewe siku ya kwenda kliniki. Nikamfanyia ninavyokufanyia wewe. Nikamwambia, "Mke wangu, toa mguu, mumeo nachelewa." Akanitazama. Akanishika mkono kama anayetaka kunisalimia, akauzungusha kidogo tu, na Hamisi wako, niliyewaangusha vijana wote wa sokoni, nikapiga magoti namwita mama.

"Mume gani huyu," akasema, "hata kuanguka hajui."

Kiswidi chake kimeanza kumtoroka, changu hakijafika, basi tunakutana njiani. Akanionyesha ukutani. Bibi, fumba macho: picha ya wasichana wawili, nguo za kuogelea, mapaja nje, na kila mmoja kiunoni ana mkanda mpana unaong'aa. Mmoja ndiye mke mwenzio. Alikuwa mpiga mieleka wa kulipwa! Yule mwingine ni mwenzake, Chiyo. Mkanda ulikuwa wa jozi, wanapambana wawili kwa wawili.

Historia ya mkanda huo ninayo yote kichwani, mimi niliyefeli historia kidato cha pili nikaaga shule. Anasema ulianza kwa wageni, wazungu wawili waliopandishwa ulingoni ili watu wapate wa kuwazomea. Wakanyang'anywa, wakaurudisha, ukawa unavuka bahari kama kifurushi. Kisha zikaja jozi za kwao wenyewe, wasichana wanaoimba kwanza ulingoni halafu ndipo wanang'oana nywele, na watoto wa shule wanalia kwa mapenzi huko vitini. Kampuni yao ilikuwa na amri: ukifika miaka ishirini na sita umezeeka, nenda kaolewe. Nikamwambia kwa amri hiyo bibi yangu angestaafu kabla baba hajang'oa meno ya utoto. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Amri nyingine ndiyo inayomkera mpaka leo. Chiyo aliumia goti vibaya, yeye Sachiko mzima kama nondo. Akawaambia wakubwa, "Leteni wawili, nitapigana peke yangu." Wakakataa. Mkanda ni wa jozi, mmoja akishindwa kupanda, wote wanavua. Akasimamishwa katikati ya ulingo, akafunguliwa mkanda mbele za watu, halafu akapewa kiti cha mbele atazame wengine wakiugombania. "Sikupigwa na mtu," huniambia. "Sikupigwa na mtu, Hamisi." Baada yao ulishikwa na jozi nyingi mpaka majina anayachanganya, na mwisho kampuni yenyewe ikafa, mkanda wake hajui uko kwa nani.

Basi tukawa na mapatano yetu: ananifundisha kabali, namvisha soksi. Nikawa najisifu kwa wenzangu kwamba nimemfuga simba.

Siku moja nimepiga magoti, kichwa changu kiko kwapani mwake, mikono nimemzungushia kiunoni asianguke, naye anacheka mpaka anakohoa. Mlango ukafunguliwa. Binti yake, Karin, ana ufunguo wake.

"Unamfanya nini mama yangu?"

Na ulimi wangu nao, bibi! Kichwa hakijatoka kwapani, nikajibu kwa Kiswidi safi kuliko siku zote: "Usiogope, huyu ni mke wangu."

Karin akamvuta mama yake, akaona mikononi alama za bluu. Ngozi ya wazee unaijua, hata ukiipuliza inaweka alama. Bi Sachiko akataka kueleza, Kiswidi chote kikamkimbia kwa hasira, kikabaki Kijapani, na binti Kijapani hakurithi. Kila mmoja anasema, hakuna anayesikia. Nikaambiwa nitoke. Mguu mmoja ulikuwa na soksi, mwingine bado.

Bosi wangu, alipopigiwa simu na Karin, hakunifokea. Angefoka ningejua pa kushika. Alinipa kahawa na kitafunio, akaniuliza polepole kwa nini nimemwita mteja mke wangu. Nikamweleza kwetu bibi na mjukuu ni mke na mume, tunataniana, tunavutana, hakuna baya. Akawa anaandika. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyoandika, na kila neno nililotoa kujiokoa nililiona likilala kwenye karatasi limegeuka kuwa jingine.   Akasema nisikanyage Rissne mpaka uchunguzi uishe. Utaisha lini? Haijulikani. Mjomba naye ameapa, "Ukienda kule, kazi huna, na hapa kwangu usirudi kulia."

Anakwenda Mama Furaha sasa, Mkongo wa Bukavu, mwanamke mwenye moyo. Kila jioni ananipigia.

"Ndugu yangu, ule mama anakataa kula. Ananiuliza kama umeumia."

"Ukamwambiaje?"

"Nikasema hapana, ni muzima. Akaniuliza: kama ni muzima, juu ya nini hakuji? Mi nitajibu nini?"

"Na soksi?"

"Anasema, kama wamekuvua wewe, na yeye wamuvue."



Juzi mchana nikaenda. Usimwambie mjomba. Sikupanda kwa Bi Sachiko, nilikaa tu kwenye benchi mbele ya stesheni, penye barafu chafu iliyomwagiwa kokoto, natazama ghorofa lake kama mdai. Karin akatoka chini kwenye treni na mfuko wa duka la dawa. Nikataka kukimbia, akaniita kwa jina. Macho mekundu.

"Nimewaandikia kazini kwenu waifute ile ripoti," akasema. "Mama amenionyesha kwa mikono, nimeelewa mlikuwa mnacheza. Wamenijibu haifutiki. Ikishaandikwa lazima ifike mwisho."

"Basi nipandishe mara moja tu, nimvishe, nitoke."

"Wakijua, utakayeumia ni wewe."

"Miguu yake ikoje?"

 Akafungua mfuko, zikatoka soksi mpya. Akasema vidonda vimeanza, na wanamhamishia nyumba ya wazee upande mwingine wa mji, kule wafanyakazi ni wengine kabisa. Halafu akaniomba nimfundishe ninavyomvisha.

Nikavua kiatu palepale kwenye baridi. Nikamwonyesha: unaigeuza nje ndani mpaka kisigino, unavisha vidole, unavuta bila kukunja. Watu wanashuka treni wanatutazama, mama mtu mzima amemshika kijana mguu. Akafanya vizuri kuliko mimi.

"Haya yote nayajua," akasema. "Anavuta mguu."

"Umemtania?"

"Nimtanie vipi?"

"Mwite mke. Mwambie kazeeka. Mwambie yule wa pichani alikuwa mzuri, huyu sijui nani kamleta."

Akajaribu. Alifungua kinywa, bibi, akakifunga. "Ni mama yangu," akasema. "Siwezi."

Na kweli hawezi. Hata kwetu asingeweza, nani anamtania mama yake mzazi? Hilo ni la mjukuu, na Karin hakuzaa. Tukakaa pale, yeye ana ruhusa ya kupanda, mimi nina maneno, na hakuna namna ya kumpa. Mwisho akachukua soksi zake akaenda. Nilitazama dirisha mpaka miguu ikafa ganzi. Lilibaki limefungwa.

Nisalimie baba, mwambie kazi ipo, asiulize zaidi. Nisalimie mama mdogo Asha na vitumbua vyake, na kaka Juma fundi cherehani, mwambie suruali aliyonishonea wazungu wanaiulizia. Shangazi Mwajuma mpe pole ya mguu. Tatu, ahsante kwa macho yako, na kama umelia ni juu yako.

Nimebaki na swali moja, bibi, na nataka unijibu kweli, siyo kwa matusi yako. Siku unaponuna hutaki kliniki, na mimi niko huku, nani anakutoa kitandani?

Ni mimi mumeo,
Hamisi