Mluzi wa Baba Katika Mashine

Dzaleka, Jumapili, baada ya ibada

Kwako Yaya Béatrice, dada yangu mkubwa mwenye kuheshimiwa,

Kwa adabu zote nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu Mama. Je, uvimbe wa miguu yake umepungua? Je, mihogo ya hapo Fizi imetoka ardhini salama? Mimi mwili ni mzima. Chumba changu hapa katika kambi ya wakimbizi kina kitanda, meza na mimi, na sisi watatu hatuzungumzi.

Siku za kazi nashinda Lilongwe, mtaa wa Biwi, katika karakana ya redio ya Madamu Amanda, Mmalawi mwenye huruma na utani. Naomba nikueleze juu ya mashine moja iliyopo pale, kwa kuwa habari yangu yote imo ndani yake. Huzalisha mawimbi ya umeme ya kupimia redio mbovu. Lipo wimbi laini, lipandalo na kushuka kama mgongo wa kilima. Lipo la mraba, lirukalo juu na kuanguka ghafla. Lipo la pembetatu. Mashine huyasoma kutoka kumbukumbu yake, tarakimu moja baada ya nyingine, na kila tarakimu huigeuza kuwa kiasi cha umeme. Hupokea pia wimbi lako mwenyewe, mradi lisizidi sekunde mbili.

Sekunde mbili zilitosha. Wakumbuka kwamba Baba hakupenda kuongea na simu, hata ujumbe wake wa mwisho wa sauti kwangu ulikuwa ule mluzi tu, aliokuwa akituitia turudi nyumbani kutoka shambani. Uliponiarifu kwamba Mama anataka kuusikia siku ya kuondoa matanga, simu yangu ilikuwa na betri iliyovimba. Kwa kuhofia itakufa nao, niliuingiza mluzi katika mashine kwa waya, na papo hapo simu ikazimika, isiwake tena.

Siku ya tatu nilikutumia mluzi kwa simu ya Madamu. Ulinijibu kwamba Mama aliuliza kwa nini mzee hakuvuta pumzi pale katikati, kama ilivyokuwa desturi yake.

Yaya, Mama alisikia sawasawa. Mluzi ule haukuwa wa Baba.

Wimbi likiingizwa, hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda, ambayo umeme ukikatika husahau yote. Ili lidumu, sharti ulipe jina, kisha ulihifadhi katika nafasi yenye namba. Mimi nilitaka kuandika “Marehemu Baba Yetu Mpendwa”, nikizungusha kitufe herufi kwa herufi. Madamu alicheka, akaniuliza kama namwandikia waziri. Mashine ilikataa urefu huo. Nikaanza upya, nikitafuta ufupisho wenye heshima. Umeme ukakatika.

Uliporudi, nilichukua wimbi laini, nikalipandisha na kulishusha kwa kadiri masikio yangu yalivyokumbuka. Pumzi sikuikumbuka. Niliona haya kukwambia.

Sasa naleta ombi. Utotoni uliuiga mluzi ule kwa siri, ingawa Mama alisema mtoto wa kike hapigi mluzi. Mweleze Mama kosa langu, umwombe ruhusa, kisha uupige mbele yake, na pumzi yake pale katikati, unitumie kwa namba ya Madamu. Hapa hakuna aniitaye kurudi nyumbani.

Nafasi namba nne iko wazi. Jina nimekwisha kulifupisha: BABA.

Mshike Mama mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukosa,
Honoré